Shati la Keya

Nina kibanda cha ushonaji Lucky Summer, upande unaopokea moshi wa jaa la Dandora upepo ukigeuka, na mkate wangu ni sare. Sare za shule Januari, za kwaya kuelekea Krismasi, za walinzi mwaka mzima. Ya jeshi siigusi. Kijana akinionyesha picha kwenye simu, anataka jaketi la jangle la kuvaa kwenye video, namwambia aende salama. Sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, na mimi sina hamu ya kueleza mshono wangu mbele ya askari. Ndiyo maana mwaka jana binti mmoja alipoweka shati la kaki mezani pangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulifunika na gazeti.

Akacheka. "Si ya sasa, baba. Ni ya babu yangu. Ya Keya."

Keya ndivyo wazee walivyotamka KAR, King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902 na likaishia kwenye uhuru wa 1963. Sisi wa Eastlands tunapita katika vita vya Waingereza kila siku bila kufikiri. Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza, na nyama tunanunua soko la Burma. Babu ya binti huyu, mtu wa Machakos, alikwenda Burma yenyewe. Familia inasema alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope. Alifariki miaka ya tisini. Sasa wanajenga kaburi lake upya na wanataka shati liwekwe kwenye fremu ya kioo, sebuleni kwa mjomba.

Maagizo yalikuwa manne: lisafishwe, matundu yazibwe, kile kiraka kibaya cha mgongoni kitolewe, na kwenye mikono zishonwe tepe tatu, kwa sababu babu alikuwa sajini.

Kusafisha ni uvumilivu tu. Hakuna Omo wala Jik. Ni maji baridi kwenye beseni pana, sabuni ya mche kidogo sana, nguo imelazwa juu ya chandarua ili nikiinua iinuke yote bila kujivuta. Inakauka kivulini, imelala, maana uzi wa kale ukibeba uzito wa maji unakatika wenyewe. Matundu niliyatambua: mende na wale wadudu wa fedha wanaopenda stachi. Keya walipiga nguo zao stachi hadi zikasimama, na miaka hamsini baadaye wadudu wanakula ile nidhamu. Tundu kama hilo silivuti likafungana. Naweka kitambaa chepesi cha pamba kwa ndani, nimekipaka chai ya rangi hadi kikaribiane na kaki, halafu nakishikiza kwa uzi mwembamba ambao mtu mwingine ataweza kuufumua bila kuumiza shati. Hapo hakuna swali la maadili. Unazuia kitu kisife.

Maswali yalianza kwenye kiraka.

Kilikuwa kitambaa cha maua, kimeoshwa hadi maua yakabaki vivuli. Chini yake kulikuwa na kiraka kingine, cha zamani zaidi. Nilichomoa nyuzi na kuziwashia kiberiti, jaribio ambalo kila fundi analijua: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu, poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga. Kiraka cha chini kilikuwa kimeshonwa kwa pamba, cha juu kwa poliesta. Maana yake shati hili lilivaliwa muda mrefu sana baada ya vita. Na bega la kulia lilikuwa limelika kwa upana wa mpini. Bunduki nayo hukaa begani, sawa, lakini kiraka cha maua si cha kambini. Huyu mtu alirudi nyumbani akalima na shati la mfalme, likachanika, mtu akalishona, likachanika tena.

Nikitoa kiraka na kujaza bega, ninarudisha nini? Ninarudisha nguo jinsi ilivyokuwa siku jeshi lilipompa. Siku hiyo shati halikuwa lake. Lilikuwa na namba ya stoo na lilitosha mwanamume yeyote wa kimo chake. Yote yaliyolifanya kuwa la kwake yalikuja baadaye: jasho, jembe, sindano ya mkewe. Kuling'arisha, naona mimi, ni kumkamata yule mzee shambani na kumrudisha jeshini.

Najua kwamba huko Greenwich, Uingereza, makumbusho yanahifadhi koti alilovaa Admirali Nelson alipouawa Trafalgar mwaka 1805. Tundu la risasi liko begani mpaka leo, halijazibwa. Lakini Nelson hahitaji koti zima ili aheshimiwe. Sanamu anayo, uwanja wa katikati ya London una jina la vita vyake. Hapa kwetu kuna sanamu ya askari na mpagazi kwenye Kenyatta Avenue, na wale waliosimamishwa pale hawana majina. Ni rahisi kuipenda chakavu ya mtu ambaye tayari anajulikana. Binti aliniambia hilo kwa maneno yake: "Watu wakiona viraka watasema babu alikuwa maskini."

Halafu zile tepe. Chini ya mwanga wa pembeni, kaki haifichi. Palipokuwa na tepe rangi ilikuwa nzito zaidi, na matundu ya sindano yalifuatana kama siafu. Yalichora V mbili kila mkono. Si tatu. Koplo.

Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu. "Sasa si uweke tu tatu? Nani atahesabu matundu?"

Nikasema siwezi kushona uongo. Jibu zuri kabisa, nikajipongeza. Ndipo akanirudishia: "Walimpunja pesa, wewe unampunja tepe?"

Hapo alinipata. Mwaka 2019 wanahabari waliibua waraka wa wakati ule unaoonyesha kuwa malipo ya kumaliza vita yalipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi. Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Kama mizani yenyewe ilikuwa ya wizi, mimi ni nani wa kuilinda kwa tepe moja?

Na kuna jambo sikumwambia. Mama yangu alikuwa msichana Murang'a mwaka 1954, watu walipohamishwa kwa nguvu na kuingizwa katika vijiji vyenye handaki na seng'enge. Keya walikuwa katika operesheni ile pamoja na wazungu. Mama anakumbuka kaki, na amri kwa Kiswahili. Nilimuuliza binti babu alitoka jeshini mwaka gani. Hakujua. Kaki ya 1944 na kaki ya 1954 sikuweza kuzitofautisha mezani. Najua pia Waruhiu Itote alivaa sare hiyohiyo Burma, akarudi, akaingia msituni akawa Jenerali China, kwa hiyo nguo peke yake haihukumu mtu. Lakini usiku ule nilijiuliza kama ile tepe ya tatu niliinyima kwa sababu ya ukweli au kwa sababu ya mama. Sijapata jibu safi. Nadhani ni yote mawili, na matundu ya sindano yalinisaidia kutochagua.

Alirudi baada ya wiki mbili. Tepe sikushona hata moja. Kiraka nilikuwa nimekishikiza pale kilipoanza kuachia, basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata pesa yake ya rehani niliiweka kando.

Aligeuza shati, akaweka kidole kwenye maua. "Hii nimeiona," akasema. "Nyanya alikuwa na shuka ya hivi." Akauliza kama fremu inaweza kutengenezwa yenye kioo pande zote mbili.

Nikamwambia hilo amuulize fundi wa mbao. Mjomba, akasema, bado anataka tepe tatu.