Haki ya Mtoto Kuwabunia Wafu Maneno

Suala tunalonuia kulijadili katika makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi: je, ni halali kwa mwalimu kumfundisha mtoto kubuni hadithi juu ya watu waliopata kuishi, ambao hawawezi tena kujitetea?

Suala hili lilitujia tulipozuru shule moja ya msingi katika eneo la Pwani. Wanafunzi walikuwa wamesomeshwa habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mnamo 1913, akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akapelekwa uhamishoni Kisii, kisha akatoroka mwaka 1914 na kurejea kwao. Walitakiwa waandike hadithi juu ya safari hiyo ya kurudi. Msichana mmoja aliandika kwamba usiku wa tatu Mekatilili aliketi chini ya mti, akalia, akatamani asiendelee. Mwalimu aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Shujaa halii."

Yapo mambo mawili ya kuchunguzwa hapa. La kwanza ni ukweli. Katika Poetics, Aristotle anamtofautisha mwanahistoria, ambaye husimulia yaliyotokea, na mtunzi, ambaye husimulia yanayoweza kutokea. Kumbukumbu zinatuarifu kwamba Mekatilili alitoroka na kwamba alifika. Hazituarifu aliwaza nini njiani. Lau mtoto angaliandika kwamba shujaa huyo alihongwa akanyamaza, angalikuwa amemsingizia, kwa sababu matendo yake yanayojulikana yanakanusha hivyo. Kulia hakukanushwi na lolote. Kwa hivyo, aliyeuvuka mpaka si mwanafunzi bali ni mwalimu, kwani ndiye aliyedai kulijua jambo ambalo historia haikulisema.

La pili ni heshima. Watetezi wa mwalimu watasema kwamba wafu wana wajukuu, na kwamba jamii ambayo Kaya Fungo yake ililipuliwa na wakoloni mwaka 1914 ina haki ya kulilinda jina la shujaa wake. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Ndiyo maana mtoto hana budi kuwasikiliza wazee kabla ya kushika kalamu. Hata hivyo, kumlinda shujaa kwa kumnyima machozi ni kumgeuza sanamu. Tulipomwuliza msichana yule sababu ya kilio hicho, alitujibu kwamba nyanya yake hulia usiku akifikiria safari ya sokoni, na alfajiri huenda vivyo hivyo. Mtoto huyo alikuwa ameuelewa ujasiri kuliko aliyemsahihisha: asiyechoka hastahili sifa kwa kuendelea.

Je, mtoto aachiwe abuni apendavyo? La. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alimpa kiongozi wa Majimaji shaka na mfadhaiko wa nafsi, lakini pia aliweka wazi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, wala si yule mtu wa historia. Kukiri huko ndiko kunakouhalalisha ubunifu. Uongo hauanzi pale mtunzi anapobuni. Huanza pale anapoficha kwamba amebuni.

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi aandike chini ya hadithi yake ni yapi aliyoyapata kwa wazee au vitabuni, na ni yapi aliyoyabuni mwenyewe. Zoezi hili ni dogo, ilhali faida yake haiishii darasani. Aghalabu wanasiasa wetu huwabunia wafu maneno majukwaani bila ya kukiri, na damu imewahi kumwagika kwa sababu ya historia za namna hiyo. Mtoto aliyezoea kujiuliza amelipata wapi jambo alilolisimulia atakuja kuwauliza na wao.