Namba ya Siri Ni Amana

 

Ndugu Waislamu, katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, Allah anatukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuitunza, na anaitaja mali kuwa ni tegemeo la maisha yetu. Na katika Hadithi ya Al-Mughira bin Shu'ba, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, tumefundishwa kuwa Allah anachukia mali kupotezwa ovyo.

Leo mali hiyo haimo sandukuni chini ya kitanda. Imo kwenye simu, na kufuli lake ni tarakimu 4. Wangapi wetu tunazitamka kwa sauti mbele ya wakala, na watu wamesimama mgongoni?

Tapeli haanzi kwa kuomba namba ya siri. Anaanza na shikamoo. "Mama, napiga kutoka huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo." Jina lako analijua, kwa kuwa mtu yeyote akianza kukutumia pesa, jina hujitokeza. Hofu ikishaingia, mama anabonyeza kila anachoambiwa. Mwingine hudai amekutumia pesa kwa makosa. Usirudishe hata shilingi kabla ya kuangalia salio mwenyewe, na hata ukiikuta, iache kampuni ndiyo iirudishe.

Linaloniumiza zaidi ni aibu. Mzee akiibiwa hunyamaza, anaogopa wanawe watamcheka, na katika kunyamaza huko pesa inatolewa. Vijana, msiwacheke wazazi wenu! Upigieni haraka mtandao wao wa simu, namba 100, muamala uzuiwe, kisha namba ya tapeli itumeni kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwenda 15040. Na kila mmoja wetu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, asiyoitambua akaifute.

Na wewe unayekesha ukituma "ile hela tuma kwenye namba hii", kisha Ijumaa ukakaa safu ya mbele: toba yako haitimii mpaka umrudishie mwenyewe haki yake.

Baada ya sala vijana wa madrasa watabaki barazani. Asiyejua kubadili namba ya siri aje na simu yake, aelekezwe. Lakini tarakimu azibonyeze mwenyewe, na kijana ageuzie uso pembeni.