Fungu Lisipokaa Kichwani

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 19:1–18, Zaburi 77, Hesabu 15:37–41, Marko 2:1–12, Warumi 8:26, 27.

Kila Sabato, kabla ya mjadala wa lesoni, karani wa darasa huuliza maswali yale yale. Nani amejifunza siku zote saba? Nani analijua fungu la kukariri? Mikono huinuka, hesabu huandikwa kwenye kadi. Ni desturi njema na imewajenga wengi. Lakini wapo washiriki ambao mikono yao haiinuki tena, na tumekwisha kuwahukumu kimyakimya kwamba wamepoa kiroho. Somo hili linahusu baadhi yao: wale wanaotibiwa ugonjwa wa sonona.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu, wala si "mawazo" tu kama tunavyozoea kusema. Ni ugonjwa. Huondoa usingizi, hamu ya kula, nguvu na furaha. Hayo wengi wameyasikia. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba hugusa pia uwezo wa kufikiri. Mgonjwa husoma aya moja mara tatu asijue amesoma nini. Huanza sala, na katikati akasahau alikuwa anamwombea nani. Kuamua jambo dogo, kama vile aanze kupalilia upande gani wa shamba la mikorosho, humchukua asubuhi nzima. Tena wataalamu wameona kwamba shida hii mara nyingi hubaki nyuma. Matibabu hufanya kazi, huzuni hupungua, mtu hucheka tena, ila kumbukumbu na umakini huchelewa kurudi, pengine kwa miezi mingi.

Hapo ndipo penye hatari. Tukimwona anacheka tunasema amepona, kisha akishindwa kukariri tunasema ni mvivu. Wengine hunong'ona habari za mapepo. Naye mwenyewe hujiuliza kama Mungu amemwacha, kwa kuwa Neno halikai tena kichwani.

Soma 1 Wafalme 19:4–14. Linganisha aya ya 10 na aya ya 14. Unaona nini?

Tumezoea kumhubiri Eliya wa mlima Karmeli. Eliya wa chini ya mretemu tunampita haraka. Aliomba afe. Mungu hakumjibu kwa hotuba. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali lilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya safari ya siku 40. Sasa angalia majibu yake. Upepo umepita, tetemeko limepita, moto umepita, sauti ndogo imesikika, na bado Eliya anarudia jibu lile lile, karibu neno kwa neno. Amesimama mbele za Bwana na mawazo yake yanazunguka palepale. Biblia haisemi kwamba Eliya alikuwa na sonona, nasi tusimwandikie cheti cha daktari. Lakini aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hii ataitambua hali hiyo. Bwana hakumkemea kwa kujirudia. Alimpa kazi iliyo mbele yake, akampa Elisha wa kufanya naye, akamsahihishia hesabu kwa upole: hakubaki peke yake, walikuwapo 7,000.

Asafu naye, katika Zaburi 77, anakiri kwamba usingizi umemkimbia na maneno yamemwishia. Zaburi hiyo imo katika kitabu cha nyimbo za ibada. Watu wa Mungu waliiimba pamoja, wenye nguvu na waliochoka.

Kwa nini Mungu aliwaagiza Israeli watie vishada katika ncha za nguo zao (Hesabu 15:38, 39)?

Jibu limo katika fungu lenyewe: wavitazame, wakumbuke. Huko Gilgali Yoshua alisimamisha mawe 12 kwa sababu hiyo hiyo. Waliopewa vishada na mawe walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Muumba wetu anajua tunavyosahau, akatupa vitu vya kushika na kutazama. Basi ndugu anayeandika saa za vidonge vyake kwenye daftari, au anayesoma fungu kutoka kwenye karatasi, hajapungukiwa na imani. Sisi wa huku Newala na Masasi tunapaswa kulielewa hili upesi. Tangu 2007 tumeuza korosho kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapima kwenye chama cha msingi, anapewa karatasi yake, anaitunza. Hakuna anayemcheka kwamba kilo hazimo kichwani mwake.

Na dawa je? Hapa tuseme wazi, maana wapo walioacha tiba kwa ushauri uliotolewa mlangoni pa kanisa. Mara nyingi kusahau huletwa na ugonjwa wenyewe. Ni kweli pia kwamba baadhi ya dawa, amitriptilini ikiwa mojawapo, huleta usingizi na uzito wa kichwa, hasa kwa wazee. Njia ni kumweleza daktari. Anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuchunguza kama kuna upungufu wa damu au tatizo lingine. Kuacha ghafla kunaweza kumuumiza mgonjwa na kuirudisha sonona. Dawa hizi huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo juma la kwanza si la kuhukumia. Aliye na dalili aanzie kituo cha afya cha karibu au hospitali ya wilaya. Wa Masasi wanaijua Mkomaindo, na rufaa ikihitajika ipo Ligula, Mtwara. Tuombe na kufunga kwa ajili yake, na siku ya kliniki darasa limchangie nauli.

Kanisa letu lina historia katika jambo hili. Agosti 1865 James White, aliyekuwa kiongozi na mwandishi hodari, alipatwa na kiharusi. Alipelekwa kwenye nyumba ya tiba huko Dansville, jimbo la New York, ambako alitakiwa kupumzika mwili na akili kabisa. Alizidi kukata tamaa. Baada ya miezi mitatu hivi Ellen White alimwondoa, na baadaye, shambani Greenville, Michigan, akamrudisha kazini kidogo kidogo. Wakati wa kuvuna majani aliwaomba majirani wasije kusaidia, kisha yeye na mwanawe Willie wakashika reki, ili James naye atoke. Kiharusi si sonona, na kisa hiki kisitumiwe kuwasukuma wagonjwa. Nimewasikia wakikitumia hivyo. Wanasahau kwamba mama huyo hakutoa amri kutoka barazani. Alikuwa shambani pamoja na mumewe.

Ndivyo darasa linavyoweza kuwa. Katika Marko 2:5 Yesu aliitazama imani ya wale wanne waliombeba mwenzao, naye aliyelala godoroni hatuambiwi kwamba alisema neno. Warumi 8:26 inakwenda mbali zaidi: hata sala tusiyoweza kuipanga, Roho mwenyewe huichukua. Kwa hiyo kiongozi wa darasa asimwite mgonjwa asimame akariri. Amwombe asome fungu kutoka kwenye Biblia. Lesoni ya siku ikimshinda, asome aya moja na mtu wa nyumbani mwake, na karani aandike kwamba amejifunza. Asinyang'anywe huduma zote. Kufungua kanisa au kupanga viti ni huduma. Na ugonjwa wake usitangazwe bila ruhusa yake, hata ndani ya sala.

Kwa kujadili darasani

Tukiondoa swali la kukariri siku moja tu, darasa letu lingejuaje nani anaendelea na Bwana na nani anaumwa?

Dada mmoja anasema ataacha vidonge kwa sababu tangu aanze kuvimeza mafungu hayakai. Ibada imekwisha, anafunga kitenge aondoke. Utamwambia nini, na nani ataongozana naye kurudi kliniki?