Cheche Ikinyamaza

TV ya chogo ikianza kutatarika, tat-tat-tat, na chumba kikanuka ile harufu kali ya hewa iliyochomwa na umeme, fundi hujua umeme umeacha njia yake. TV ya chogo ya rangi ya inchi 21 hubeba takriban volti 25,000 kwa waya kutoka kwenye flaibaki, yaani transfoma ya volti kubwa, hadi kwenye kioo. Katika miji ya pwani, unyevu, chumvi na vumbi hukaa kuzunguka kofia ya mpira iliyofunika mwisho wa waya huo, na umeme hurukia humo.

Mara nyingi kazi ni ndogo: kuchomoa plagi, kutoa umeme uliobaki kwenye kioo (hubaki hata TV ikiwa imezimwa, na umewarusha mafundi wengi), kusafisha kwa spiriti, kukausha. Siku nyingine ufa uko kwenye flaibaki yenyewe. Fundi hupaka silikoni, cheche hunyamaza, mwenye TV hulipa na kushukuru.

Je, pesa hiyo ni halali?

Ufa huwa na sababu. Kapasita iliyo kwenye transista ya flaibaki ikichoka, volti hupanda kupita kiasi, na cheche ndiyo shahidi wake. Volti zikizidi, hata eksirei huweza kutoka. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ilikiri kwamba baadhi ya TV zake za rangi zilitoa mionzi iliyozidi kiasi. Mwaka 1968 Marekani ikatunga sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya elektroniki. Waliokaa mbele ya TV hizo hawakuona kitu.

Kuhusu kasoro iliyofichwa, Waislamu husimulia kwamba Mtume Muhammad alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione.

Wanafiqhi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, nao walitofautiana kuhusu dhamana ya fundi. Abu Hanifa alikihesabu kitu kilicho mikononi mwa fundi kuwa amana, asikilipe kikipotea bila kosa lake. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimtaka fundi alipe, isipokuwa kwa janga lisiloepukika. Ubishi huo ni wa chombo kupotea. Chombo kinachorudi kimefunikwa aibu yake kiko karibu zaidi na ile nafaka.

Silikoni yenyewe haina dhambi, maana si kila mteja anamudu flaibaki mpya. Ila fundi anadaiwa maneno matatu kabla ya kupokea pesa: kwamba hiki ni kiraka, kwamba kapasita imepimwa au haijapimwa, na kwamba TV hii isiachwe ikiwaka watu wakiwa wamelala.