Je, Mshauri Ametunyang'anya Mtoto?



Wazazi wengi hapa makazini wanatuuliza: "Mchungaji, binti yangu nyumbani ananyamaza, lakini kwa mshauri nasaha anasema yote. Je, hajaninyang'anya mtoto?" Swali hili si dogo. Vita vilituchukulia mashamba na ndugu. Nani atakubali kupokonywa na moyo wa mtoto?

Tufikiri pamoja. Mtoto hujifunza kumwamini mtu akiwa mikononi mwa wanaomlea. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya watoto waliokosa makao baada ya Vita Kuu ya Pili. Alifananisha upendo wa mama na vyakula ambavyo mwili ukivikosa hudhoofika. Basi kijana aliyezoea kusikilizwa nyumbani hufungua kinywa upesi hata kwa mshauri. Aliyeachwa au kusalitiwa humjaribu kwanza: anachelewa, anajibu kwa mkato, anangoja kuona kama huyu naye ataondoka. Kumbe mara nyingi mshauri anavuna imani iliyopandwa na mzazi, shangazi au rafiki.

Tusome 1 Samweli sura ya 20. Daudi alimweleza Yonathani hofu yake, na Yonathani akaitunza siri hiyo. Baba yake, Sauli, aliona ameibiwa mwana, akamrushia mkuki. Lakini tuendelee hadi sura ya 22. Daudi, akiwa mkimbizi, aliwapeleka baba na mama yake kwa mfalme wa Moabu wapate hifadhi. Kumwamini rafiki hakukumtenga na wazazi wake.

Kwa hiyo, mtoto akirudi kutoka kwa mshauri, tusimhoji kama polisi. Tumpe chakula, tukae naye. Mshauri mwema humweleza tangu mwanzo kwamba siri ina mpaka: uhai ukiwa hatarini, atawaita wanaoweza kuokoa. Mzazi ana haki ya kumuuliza mshauri mpaka huo uko wapi. Hana haki ya kudai kila neno.

Tena tukumbuke, wapendwa: mradi utafungwa siku moja, na mshauri atahamishwa. Kijana atakuwa amejifunza kusema yaliyo moyoni. Je, siku hiyo atakuta kwetu mtu wa kumsikiliza?