Je, Apande Tena?

Tumeulizwa swali ambalo hatukulitazamia katika umri huu wetu. Binti mmoja wa huku kwetu, afundishaye watoto kupanda farasi huko Nairobi, alianguka, kano ya ndani ya goti ikakatika, naye akapasuliwa. Sasa daktari amemruhusu kupanda tena. Mama yake, aliyemwogesha na kumshika mkono majuma yote yale, amekataa katakata. Binti anauliza: "Mwalimu, nimtii nani?"

Wengi watajibu upesi kwamba amtii mama. Sisi twaona hapo pana maswali mawili yaliyochanganywa.

La kwanza ni la mguu, nalo ni la daktari. Mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akatoboa mfupa, akakipitisha humo na kukikaza. Mwili hukifanya kuwa wake polepole. Ajabu ni kwamba katika miezi ya kwanza kipande hicho hudhoofika kabla ya kupata nguvu, na wakati huohuo uvimbe na maumivu yanapungua. Basi mtu hujiona mzima wakati goti bado ni dhaifu. Ndiyo sababu madaktari wengi hutaka ipite miezi kama 9 au zaidi kabla ya kurudia michezo ya kupinda na kugeuza goti. Binti huyu amengoja miezi 11, na mazoezi yake ameyafanya yote. Hapo hatuna neno.

La pili ni zito zaidi: je, ana haki ya kuhatarisha kile ambacho wengine walimsaidia kukipata? Mama asema goti lile si la binti peke yake tena. Neno hilo lina kweli ndani yake. Shamba la mama lililala bila kupaliliwa msimu mzima. Lakini tukilifuata hadi mwisho, kila aliyewahi kuuguzwa atakuwa mtumwa wa aliyemwuguza. (Katika miaka yetu ya kufundisha tuliwaona watoto waliokatazwa kila kitu kwa ajili ya upendo, hata kuvuka mto waliogopa.) Mama hana haki ya kuamuru. Anayo haki ya kuelezwa yote, tena mapema, wala asisikie kwa majirani.

Yuko Lis Hartel wa Denmark, aliyepatwa na polio mwaka 1944, akapooza chini ya magoti. Alishinda medali ya fedha kwa kupanda farasi katika Olimpiki ya 1952, na tena ya 1956. Hatumtaji ili kumsukuma binti, maana kila mtu ana goti lake. Twamtaja kwa sababu alikubali kusaidiwa kupanda na kushuka.

Na farasi naye asisahauliwe. Ana kilo 450 au zaidi, na mpandaji mwenye hofu hukaza mapaja na kuvuta hatamu, mnyama akahisi, akataharuki. Kwa hiyo kama hofu ingalipo, binti aiseme, apewe farasi mpole, aongozwe kwa mkono, mwendo wa kutembea tu. Tena aangalie sana kushuka, maana kutua chini kwa kishindo huku mwili unageuka ni hatari kwa goti. Ashukie juu ya kigazi cha mbao, kama wale watoto anaowafundisha. Wakimcheka, na wacheke.