Upole Usio Unyonge

Hapa Msuka, kaskazini mwa Pemba, mtoto anayeonewa akanyamaza husifiwa: mpole huyo, ana subira. Sifa hiyo hunitia shaka. Pengine ana hofu tu, na hofu iliyonyamaza hufanana mno na utulivu.

Mimi ni Mwislamu, lakini shaka hii imenipeleka kwa Josephine Bakhita, aliyetangazwa mtakatifu na Kanisa Katoliki mwaka 2000. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869, akaibwa angali mtoto, akauzwa tena na tena. Katika nyumba moja alichanjwa chale kwa wembe, zikatiwa chumvi ili makovu yasifutike. Jina alilopewa na wazazi lilimpotea. Bakhita ni jina la watekaji, na sikio la Mswahili halikosi kusikia humo "bahati".

Baadaye, akiwa mtawa na bawabu wa nyumba ya watawa huko Schio, Italia, alisema kuwa angekutana na waliomteka, angewapigia magoti na kuwabusu mikono. Kauli hii inaniuma. Mimi ni mtu wa kisiwa ambacho karafuu zake zilichumwa na watumwa. Naogopa mwenye shamba asije akaisikia kama risiti ya deni lililolipwa.

Ila kabla ya kauli hiyo kulikuwa na siku nyingine. Mwaka 1889, mjini Venice, bibi aliyemtumikia alitaka kurudi naye Sudan. Bakhita akakataa. Shauri likafika kwa wenye mamlaka, na tarehe 29 Novemba ikaamuliwa kuwa sheria ya Italia haitambui utumwa: yu huru. Hakumtukana yule bibi. Alikataa tu, akabaki na watawa. Kwetu, amri ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa Unguja na Pemba, mtumwa naye ilimbidi aende mbele ya mahakama auombe uhuru wake kwa kinywa chake.

Naamini upole wa Bakhita ulisimama juu ya kukataa kule. Aliye kifungoni hustahimili. Kusamehe kunataka mtu aliyekwisha kuwa na uwezo wa kukataa. Na sisi humwambia "pole" mwenye maumivu. Bakhita aliwaona waliomtesa kuwa ndio wa kuhurumiwa.

Makovu hayakuondoka. Februari 1947, akiwa mahututi, alimsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo, ilikuwa mizito. Alikuwa huru kwa miaka 57.